Sura ya Saba: Chumba Kinachoshonwa

Agosti 1908 msafara wa magari ya maksai uliondoka Nakuru kuelekea uwanda wa Uasin Gishu. Wenyewe walikuwa Makaburu kutoka Transvaal, familia arobaini na ushei zikiongozwa na Jansen van Rensburg. Mwezi uliotangulia walikuwa wameshuka Mombasa kutoka meli ya Windhuk, wakapanda reli na mizigo yao hadi Nakuru. Mbele yao palikuwa na mianzi, msitu na matope. Safari ambayo matatu huimaliza leo kwa saa tatu iliwachukua zaidi ya miezi miwili, na tarehe 22 Oktoba ndipo walipofika chini ya kilima cha Sergoit. Ardhi waliyokuja kugawiwa na serikali ya kikoloni ilikuwa na wenyewe, Wanandi, ambao miaka mitatu kabla ya hapo walimpoteza kiongozi wao Koitalel Samoei kwa risasi ya Mwingereza. Huwezi kuutaja msafara ule bila kulitaja hilo.

Wanaosimulia mwanzo wa Eldoret hupenda kuhesabu farasi na ekari. Mimi huvutiwa zaidi na yaliyokuwa ndani ya magari yale, maana kwa miezi yote hiyo yalikuwa nyumba. Kaburu wa safari alilala juu ya katel, fremu ya mbao iliyosukwa kwa kanda za ngozi mbichi na kufungwa ndani ya gari, chini ya turubai lililotandazwa juu ya matao ya miti. Sisi wa kitanda cha kamba tungekitambua mara moja. Kando ya turubai ilishonwa mifuko, na humo ndimo vilimokaa vijiko, dawa, Biblia na sindano za kushonea turubai lenyewe likichanika. Sanduku moja la mbao lilikaa mbele, na anayeendesha akaligeuza kiti. Mbao hazikuzidi hapo. Vyote vilivyobaki vilikuwa nguo, ngozi na uzi.

Makaburu wale walilijua jambo ambalo wengi wanaojitengenezea trela za kambi siku hizi hulijua wakiwa wameshatumia pesa zote. Seremala na mchomeleaji wakimaliza kazi yao, trela ni ganda tupu. Ganda hilo linakuwa chumba mkononi mwa mtu wa cherehani. Ukilijaza kabati za mbao umeongeza uzito unaokokotwa na gari, umeongeza kona za kugonga goti usiku, na barabara ya murramu itazilegeza skrubu zake moja baada ya nyingine. Kitambaa hutikisika na barabara kisha kikatulia. Mfuko ulioshonwa ukutani hubeba vikombe vya plastiki, tochi, soksi na karatasi za bima, na ukiwa mtupu haumalizi nafasi.

Ulaya walianza kwa mbao. Mwaka 1885 William Gordon Stables, daktari mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza na mwandishi wa vitabu vya wavulana, aliagiza kutoka karakana moja ya Bristol gari la kukokotwa na farasi wawili, akaliita The Wanderer. Lilikuwa na urefu wa futi 18 hivi, la mahogani, na uzito wake ulikaribia tani mbili. Mtumishi wake alitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu ili kuwaonya watu kwamba jumba linakuja. Wapenda karavani humheshimu Stables kama baba yao, na ni haki yao. Lakini mtu mwenye Probox hana la kujifunza kwake.

Eldoret yenyewe haina wingi wa trela za kulala. Mkenya anayependa kambi hufunga hema juu ya paa la Land Cruiser, au hulisimamisha chini kama zamani. Wageni wanaovuka Afrika kwa malori marefu ya watalii hufikia Naiberi, kando ya mto, kwenye barabara ya Kaptagat, na malori yao yanafaa kuchunguliwa: viti vimezungushiwa mifuko, mapazia yamefungwa kwa lastiki, hakuna kinachoning'inia ovyo. Trela ya kwetu mara nyingi huzaliwa kama trela ya kubebea mizigo, ile inayopewa namba yake yenyewe inayoanza na herufi Z, halafu mwenyewe akaiongezea kuta za plaiwudi na paa la bati. Inapofikia hapo mwenyewe husimama mlangoni, akaangalia ndani, na asijue aanzie wapi.

Aanzie kwa fundi wa viti vya matatu.

Nasema hivyo kwa moyo mmoja, ingawa najua wengi watakimbilia kwa fundi wa makochi. Fundi wa makochi ni hodari, lakini kazi yake hukaa sebuleni bila kwenda popote. Fundi wa viti vya matatu hushonea kitu kitakachotikiswa kutwa nzima, kikaliwe na watu kumi na wanne na mizigo yao, kimwagiwe soda, kifutwe kwa kitambaa kichafu, na kesho kitoke tena saa kumi na moja alfajiri. Kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, kila abiria alitakiwa awe na kiti chake na mkanda wake. Viti vilifunguliwa, vikapangwa upya, vikafungwa tena. Kizazi kizima cha mafundi nchini kilijifunza kufikiria kiti, bolti, mkanda na kitambaa kama kitu kimoja. Ukimpelekea fundi wa namna hiyo trela yako atakuuliza kwanza, “Ni siti ngapi, mkubwa?” Ukimwambia ni kitanda atacheka, kisha atatoa futi mfukoni.

Vipimo ndivyo vinavyookoa pesa, tena vipimo vya dukani kuliko vya trela. Magodoro ya Kenya huuzwa kwa vipimo vinavyojulikana na kila mtu: futi mbili na nusu kwa sita, tatu kwa sita, tatu na nusu kwa sita, nne kwa sita. Ukiagiza sponji ya kipimo chako mwenyewe utalipia ukataji na vipande vitakavyotupwa. Kwa hiyo lifuate godoro. Tuseme trela yako ina upana wa ndani wa futi 6 kamili. Weka benchi kulia na kushoto, kila moja upana wa futi 2 na urefu wa futi 4, na katikati iachwe njia ya futi 2. Nunua godoro la futi 4 kwa 6 la haidensiti, unene wa inchi 4. Likate mara mbili, upate vipande vitatu vya futi 2 kwa 4. Viwili ni makalio ya benchi. Cha tatu kipasue katikati kwa urefu, upate vipande viwili vya futi 1 kwa 4, navyo ni migongo ya kuegemea. Jioni meza inashushwa izibe njia, migongo inalazwa juu yake kando kwa kando, na godoro limerudi kuwa godoro. Hakuna kilichopotea hata inchi moja, na sponji yote imelipiwa kwa bei ya godoro la kawaida.

Watu wawili hulala hapo kwa kunyoosha miguu kutoka ukuta hadi ukuta. Aliyepita futi sita atalala kimshazari, na mwenzake atavumilia.

Sponji hukatwa kwa kisu kirefu cha mkate kilichonolewa vizuri, kwa mkono mwepesi, bila kuigandamiza. Ukiigandamiza itakatika imepinda, na upindo hautafichika chini ya kitambaa. Pembe za trela aghalabu si pembe mraba, hata kama fundi chuma ameapa. Tandika magazeti juu ya benchi, yabane kwa gundi ya karatasi, ukate kwa kufuata ukuta, kisha hamishia umbo hilo kwenye kitambaa. Taifa Leo ya jana inafaa kabisa kwa kazi hii.

Kifuniko cha sponji kishonwe kikiwa kidogo kidogo kuliko sponji, kama nusu inchi kila upande baada ya kuhesabu mapindo. Kikilingana nayo kitakunjamana kabla ya safari ya pili. Zipu iwekwe nyuma, kwenye mkanda wa ukingo, na iwe ndefu mpaka izunguke pembe zote mbili, la sivyo siku ya kufua utapigana na sponji mpaka jasho likutoke. Upande wa juu ndio unaostahili kitambaa cha maana. Upande wa chini tumia amerikani: ni nafuu, inapitisha hewa, na haionekani na mtu. Halafu shonea chini kipande cha velkro, na mwenzake kipigiliwe kwenye benchi kwa stepla. Bila hicho, breki moja ya ghafla itazipanga benchi zako zote mlangoni.

Hapa mafundi wengi watakushauri ngozi bandia, ile wanayoiita ledha ingawa haijawahi kumwona ng'ombe. Wana sababu. Inafutika, haivuji, inang'aa. Kwa matatu ni sawa. Kwa kulalia ni adhabu: usiku wa Eldoret ni baridi mgongoni, na mchana wa bonde la Kerio inakung'ang'ania mapajani. Itumie mahali pawili tu, kwenye ukingo wa mbele wa benchi unaopigwa na viatu, na kwenye paneli ya mlango. Ukiishona mwenyewe kwa Butterfly ya kukanyaga, weka sindano namba 18 na karatasi nyembamba chini ya mguu wa cherehani ili isinate, na urefushe mshono. Mishono iliyosongamana huitoboa ngozi bandia mfululizo, ikaja kuchanika pale pale kama stempu.

Kitambaa cha juu ni suala la mji huu hasa. Eldoret ni mji wa nguo kabla ya kuwa mji wa wakimbiaji. Rivatex ilijengwa katikati ya miaka ya 1970 ili pamba ya Kenya isokotwe, ifumwe na kupigwa rangi mahali pamoja. Ikaanguka pamoja na viwanda vingine vya nguo soko lilipofunguliwa, Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007, na mwaka 2019, baada ya mitambo mipya iliyopatikana kwa mkopo wa India, Rais Uhuru Kenyatta akaja kuizindua upya. Ken-Knit nayo iko hapa hapa na nyuzi zake za kufumia, mablanketi na masweta. Mtoto wa Kenya aliyevaa sweta la shule huenda alivaa jasho la mji huu bila kujua.

Kwa hiyo sioni sababu ya mtu wa Eldoret kuagiza kitambaa cha karavani kutoka ng'ambo. Drili ya pamba iliyochanganywa na poliesta, ile ya kushonea suruali za shule na magwanda ya walinzi, inatosha kwa benchi. Imefumwa ili ivumilie magoti ya wavulana. Rangi zake ni za kuchosha, kijivu, kaki, buluu, kijani cha chupa, lakini kuchosha huko ni baraka ndani ya chumba cha futi 6. Ukweli ni kwamba trela ndogo haina ukuta wa mbali wa kupumzishia macho. Kitenge chenye maua makubwa kinachopendeza kwenye gauni kitakufokea usiku kucha kikiwa pua kwa pua nawe. Kitumie kwenye mito miwili, na kwenye mifuko ya ukutani kama umebakiwa na kipande.

Mitumba nayo isidharauliwe. Mapazia ya mtumba yanayotoka Ulaya mara nyingi yana kitambaa kizito chenye bitana ya kuzuia mwanga, kitu ambacho ukikitafuta kipya utalipa mara kadhaa. Yaangalie kwenye jua kabla ya kulipa. Kama yameanza kuoza kwa jua yatachanika ukivuta kwa vidole gumba, na mwenye mzigo atakasirika, lakini afadhali akasirike sasa.

Leso nina ubaguzi nayo. Nimeona watu wakiikata vipande vya kutengenezea mapazia ya dirishani, pindo huku na maandishi kule, jina limebaki nusu. Leso ina urefu wa mita moja na nusu hivi na upana wa mita moja na kidogo, na huuzwa jozi. Itundike nzima, iwe kizuizi kati ya kitanda na upande wa kubadilishia nguo, mtu alisome jina lake akiwa kitandani. Zile za Mali ya Abdulla kutoka Mtaa wa Biashara, Mombasa, nyumba iliyoanza biashara mwaka 1887, hazikuchapishwa ili zikatwe na mkasi wa mtu mwenye haraka.

Na vitambaa? Hakuna sebule ya bara isiyo na vitambaa vya kufuma migongoni mwa makochi, na akina mama wa chama watakufumia seti ya trela wakicheka kwamba umewaletea kazi ya nyumba ya mwanasesere. Vikubali. Ila viwe vimefumwa kwa uzi wa akriliki, si pamba, kwa sababu pamba hukaa na maji, na vishonewe mahali pake kwa mishono miwili mitatu. Kitambaa kilichowekwa tu juu ya mgongo wa kiti hakifiki hata Iten.

Nimetaja maji. Hapo ndipo trela nyingi za nyanda za juu huharibikia. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, Iten ni 2,400, na usiku wa Julai plaiwudi huwa baridi kama sakafu ya saruji. Watu wawili wakilala chumba kimefungwa hutoa kwa pumzi na jasho nusu lita ya maji au zaidi hadi asubuhi. Maji hayo hutafuta mahali pa baridi. Yatakaa kwenye bati la paa kama halikufunikwa, na yatakaa chini ya sponji, kati yake na ubao, mahali ambapo hakuna anayechungulia. Wiki chache baadaye utasikia harufu, kisha utaona madoa meusi kwenye amerikani. Dawa yake huanza kwa drili ya umeme: toboa mbao za benchi matundu mengi ya kipenyo cha inchi moja, au zitengeneze kwa vipande vilivyoachana. Halafu paa livalishwe kwa ndani. Mafundi wa matatu hulivalisha kwa sponji nyembamba iliyofunikwa ledha na kupigiliwa vifungo, urembo unaopendeza ukiwa umejiinamia na simu. Kwa kulala ni bora karpeti nyepesi ya nyuzi, iliyobandikwa kwa gundi, kwa sababu haidondoshi matone usoni. Na dirisha moja dogo liachwe wazi juu, limefunikwa wavu wa mbu, hata kama meno yanagongana.

Dirisha hilo nalisisitiza kwa sababu ya jiko. Baridi ikizidi kuna atakayesema tuingize jiko la makaa dakika tano tu, tupashe. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko chumbani na hawakuamka. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na trela iliyovalishwa vizuri, yenye mapazia mazito na mlango unaofunga barabara, hujaa hewa hiyo upesi kuliko nyumba yoyote. Juu ya hiyo, sponji ya godoro ikishika moto huwaka kwa kasi na kutoa moshi wa sumu. Jiko, la makaa au la gesi, lipikie nje. Kwa baridi ongeza blanketi la pili, na moja zaidi chini ya shuka, kwani baridi ya trela hutokea chini.

Mapazia nayaacha mwisho kwa kuwa ndiyo yanayoshonwa mwisho, kuta zikiwa zimeshavalishwa na hakuna tena kipimo kitakachobadilika. Pazia la nyumbani huning'inia kutoka juu peke yake. Pazia la trela lipitishiwe waya juu na chini, kama mapazia ya mabasi ya usiku, la sivyo kwenye kona za Tambach litakuwa linapepea nje ya dirisha. Shona kijumba cha waya pande zote mbili, upana mara moja na nusu ya dirisha tu. Marinda mengi hayana pa kwenda. Weka bitana nyeupe upande wa nje. Safari ya kutoka Eldoret kupitia Iten hadi sakafu ya bonde la Kerio hukushusha zaidi ya mita elfu moja, na pazia lile lile lililokuwa linazuia baridi alfajiri litatakiwa kuzuia jua la saa nane. Vumbi jekundu la kule chini litaingia hata hivyo. Waya ufungwe kwa ndoano, si kwa msumari, ili pazia livuliwe, likung'utwe nje na kurudishwa kabla chai haijachemka.